Kazi: Nyingine

Kijana wa chama cha akiba, dirisha la pili, Malindi mjini,
ameshaandika jina langu bila kosa: Mbeyu Ngowa.
Ameandika namba ya kitambulisho, na mtaa, Maweni.
Kisha anauliza, macho kwenye kioo cha mashine:
"Kazi?"
Nasema, yaya.
Anateremka na orodha. Mwalimu yumo. Fundi cherehani yumo.
Hata wa bodaboda yumo, kazi iliyozaliwa juzi.
"Yaya hayumo, mama. Nitaweka *nyingine*."

Usiweke nyingine. Ngoja.

Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Watoto tisa.
Wa kwanza nilimpokea ana siku arubaini,
shingo haijakaza,
na mama yake analia kuliko yeye.
Wa tisa yuko chekechea saa hii, nyuma ya soko la zamani,
kaptura nimemfupishia jana,
mfukoni ana kijiwe nisichoruhusiwa kukitupa.

Vilio navijua.
Cha njaa hupanda ngazi.
Cha usingizi huzunguka papo kwa papo, kama nzi ndani ya chandarua.
Cha sikio huja usiku, na mkono huenda wenyewe panapouma.
Kuna na kile cha uongo,
kinachonyamaza kidogo kusikiliza kama unakuja.
Hicho ndicho nikipendacho.

Homa naipima kwa mgongo wa kiganja.
Ikizidi siulizi mtu: nabeba, natoka,
simu napiga njiani.
Kiitaliano ninacho, cha kulishia tu, *mangia, piano, basta*,
miaka mitatu ya Casuarina,
na hadi leo nikikasirika ndicho kinachonitoka.

Hatua ya kwanza ya Imrani niliiona mimi.
Saa nne asubuhi, kati ya ndoo na mlango wa jikoni:
moja, mbili, ya tatu ikawa kitako.
Nikapangusa sakafu. Nikanyamaza.
Jioni mamake katoka zamu, mara ukelele:
"Mbeyu! Njoo uone! Mtoto katembea!"
Nikaja mbio, kitambaa mkononi,
nikashangaa vizuri.
Hiyo nayo ni kazi. Haina mshahara wake.

Wangu, Haluwa, alilelewa na mama yangu kule Ganda.
Pesa zilikuwa zikimfikia kwa simu kila tarehe tano;
mimi nilifika Desemba, na viatu.
Havikuingia.
Nilikuwa nimevipima kwa mguu wa mtoto wa watu.

Sikwambii unionee huruma. Umeuliza kazi.

Na waliotutangulia walishaliandika, tena bila mashine:
kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.
Neno limo humo, mara mbili. Lichape.
"Hiyo ni methali, mama," anasema, "siyo ajira."
Foleni nyuma yangu inakohoa.

Na wewe, namuuliza, nani alikulea?
Mama alikuwa na duka, anasema.
Baba alikuwa safarini.
"Tulikuwa na dada mmoja, wa Marafa. Alikuwa akinikatia embe
umbo la... anaitwa..."
Kidole kinabaki hewani juu ya mashine.
"Anaitwa..."

Simsaidii. Namngojea.
Kungoja ni nusu ya kazi hii:
kumngoja atafune, kumngoja alale,
kumngoja afunge kamba za viatu mwenyewe nawe umechelewa.

Jina haliji.
Anabonyeza kitu. Sioni amebonyeza nini.
Ananipa karatasi: nirudi Jumanne na barua ya mwajiri.
Naikunja mara nne, naitia kwenye pindo la leso.

Sita kasoro dakika kumi. Chekechea wanatoka saa sita,
jua limewaka, na yule kofia haitaki.
Mwavuli naufungua nikiwa bado mlangoni,
askari ananiambia si ruhusa kuufungua ndani,
nami nimeshafika barabarani.